Zombi Waliofika Nyakasanza

Jumatatu, 8 Septemba

Kitabu kimefika! Kaka Davy amekitoa kwenye mfuko wake akiwa bado hajavua viatu, na mimi nimekinyakua kabla hata ya kumsalimia. Riwaya ya tatu ya Marie-Claire Lobanga. Mbili za kwanza nimezisoma mpaka kurasa zikalegea. Hii inaitwa *Les Affamés de la rive gauche*, yaani Wenye Njaa wa Ng'ambo ya Kushoto. Zombi wanatoka mtoni Kisangani, wanapanda ukingo huku magugu yamewanasa kwenye nywele, na Sifa, msichana wa miaka kumi na sita kama mimi, yuko juu ya paa la shule na mdogo wake Tito. Nimesoma sura mbili nikiwa nimesimama jikoni. Maharage yameungua. Mama amepiga kelele kutoka barazani na mimi sikusikia, nilikuwa Kisangani.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua kutwa. Sura ya nne. Nimeogopa kwenda chooni mchana kweupe. Raha tupu.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo nimeanza kuwasomea.

Mama anasuka nywele hapa nyumbani Nyakasanza, mtaa wa Bunia, kwenye baraza, na kichwa kimoja kinaweza kula nusu siku. Mwanamke ameinamisha shingo, hawezi kwenda popote, atafanya nini? Atasikiliza. Basi tangu riwaya ya kwanza ya Lobanga, kila Jumamosi mimi hukaa kwenye kigoda na kitabu mapajani, macho yanasoma Kifaransa, mdomo unatoa Kiswahili. Nina sheria moja: siongezi kitu. Lobanga akisema Sifa alikimbia, mimi nasema alikimbia. Rebecca, rafiki yangu tangu shule ya msingi, hukaa miguuni pangu akichambua nywele za kuunganishia na kumpa Mama.

Leo Mama Emerance, yule anayeuza maziwa sokoni na ambaye sauti yake inafika kabla yake, aliniuliza, "Adèle, ule muandishi iko ndugu yako? Juu namna unamusemaka, ni kama mulikula naye asubui."

Nilijibu hapana, lakini nilivimba mpaka jioni.

Halafu ameingia mgeni. Ni Joëlle, binti wa mama mdogo, ametoka Bambu. Shule yao imefungwa, atakaa kwetu na Mama atamfundisha kusuka. Umri wetu ni mmoja. Ana vidole vyembamba na kicheko kikubwa, na Kifaransa chake kinaishia kwenye bonjour. Nimempa nusu ya kitanda changu.

Jumatatu, 15 Septemba

Joëlle anakoroma.

Jumamosi, 20 Septemba

Nina hasira, nisamehewe mwandiko.

Shuleni walitubakiza tuzibue mifereji kwa sababu mvua ya jana iliingiza tope hadi madarasani. Nimefika nyumbani saa nane, viatu vizito, na kutoka njiani nasikia vicheko. Nikadhani ni harusi. Kumbe ni Joëlle. Anasuka kichwa cha Mama Clarisse, yule wa mikate, na anawasimulia kitabu changu! Jana nilimweleza sura ya sita tukiwa tunamenya mihogo, na yeye ameichukua, ameikunja anavyotaka. Zombi hawako tena Kisangani. Wameshika barabara ya Komanda, wameingia Bunia, wanapanda boulevard, ile barabara kuu, wakiwa wamelowa, na motard mmoja wa pikipiki za abiria anawauliza kama wanataka kupakia watatu-watatu. Mama Clarisse anakimbia na ndoo yake ya mikate. Anawatupia mmoja mmoja. Zombi wanasimama, wanatafuna, na mkubwa wao anasema, "Mama, leo sukari ilikosa?"

Mama Clarisse mwenyewe alikuwa analia kwa kucheka. Rebecca alikuwa amelala chali kwenye mkeka, Rebecca wangu, ambaye nikisoma mimi hutikisa kichwa tu.

Nilisema, "Ile haiko mu kitabu."

Mama Emerance akanigeukia kwa upole kabisa. "Tunajua, mama. Wacha amalize kwanza."

Amalize!

Jumapili, 21 Septemba

Misa. Joëlle anaimba vizuri pia. Bila shaka.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimesoma mimi. Sura ya saba, ile ya daraja, ambayo Lobanga ameiandika hivi kwamba nilipoisoma peke yangu nilishika ukuta. Walinisikiliza kama watu wanavyosikiliza matangazo mwishoni mwa misa. Katikati ya daraja, Sifa ananing'inia kwa mkono mmoja, Mama Emerance anauliza, "Na Clarisse? Alifika wapi na ndoo?"

"Clarisse haiko mu kitabu, Mama."

"Basi kitabu kinapungukiwa."

Nimekifunga. Nimesema koo linaniuma.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sasa wote wamo. Mama ni jemadari, anawachoma zombi machoni kwa kitana cha mkia. Rebecca yuko juu ya tangi la maji na manati, hakosi hata mara moja. Mbuzi wa jirani yetu muzee Jérôme yumo, tena ana akili kuliko wanajeshi wote. Wateja wanamwomba Joëlle awaingize kabla hata hawajasema wanataka msuko gani.

Mimi simo. Wala sitaki kuwemo, ule ni mchezo wa kuharibu kazi ya mtu aliyekaa mezani miaka miwili kuandika.

Lakini mbuzi, jamani.

Jumanne, 7 Oktoba

Rebecca amekuja tuende bombani, na kabla sijachukua bidoni ya kuchotea maji ameuliza Joëlle yuko wapi. Wametangulia wao wawili. Mimi nyuma kama mtu anayesindikiza wageni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama Emerance amesema amechoka kukimbia. "Baniume tu, mie niko munene, nitakimbia mupaka wapi?" Watu wakapiga makofi. Joëlle akasimamisha vidole juu ya kichwa alichokuwa anakisuka, akafikiri. Kisha akaanza taratibu. Sokoni kumetulia. Mama Emerance anapima maziwa, kikombe kimoja, cha pili. Chini ya meza kuna kitu kimejikunja tangu asubuhi, anadhani ni gunia. Gunia linafungua jicho. Linamwuma kisigino. Mama Emerance haangushi hata tone, anamaliza kupima, anamwambia mteja, "Nenda salama, kesho sitakuwako." Halafu ndiyo anaanguka.

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameshika mdomo. Na mimi, nitaandika hapa na hapa tu, nilisahau kukasirika. Niliona lile gunia. Lobanga mwenyewe hajawahi kunionyesha gunia kama lile.

Baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Ninamwonea wivu. Si kwa sababu anaharibu kitabu. Ninamwonea wivu kwa sababu anaweza.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua haikatiki. Kuna habari kwamba Mama Emerance ni mgonjwa, homa kali. Wanasema tifoide. Amelazwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Baraza lilikuwa na watu wachache, mabati yanapiga kelele, hakuna aliyeomba hadithi. Joëlle alikuwa anamsuka Mama Clarisse. Wakawa wanazungumza habari za mgonjwa. Mama Clarisse alimwona jana: hakumtambua hata binti yake, alikuwa anasema mguu unamwaka moto.

Na mimi, nikiwa nakunja nywele za kuunganishia, macho chini, nikasema, "Si Joëlle alisema balimuuma kisigino?"

Ndivyo nilivyosema. Nilitaka tu wamchoke. Nilitaka Jumamosi moja waseme, hizi hadithi zimezidi, Adèle, tusomee kitabu.

Mama Clarisse akavuta kichwa chake kutoka mikononi mwa Joëlle. Nusu imesukwa, nusu imesimama. Akamtazama kama anamwona leo.

"Huyu mutoto, nani alimufundisha kuita majina ya batu bazima mu maneno ya wafu?"

Kila mtu hapa anajua kwamba jina la mtu aliye hai haliitwi pamoja na wafu. Bibi yangu kule Mahagi angetuchapa kwa hilo. Wote walijua, na wote walicheka, wakaomba waingizwe, na Mama Emerance mwenyewe aliomba aumwe. Leo hapakuwa na hata mmoja aliyekumbuka kwamba alicheka. Mama akajaribu, "Clarisse, ilikuwa muchezo, hata weye—" Mama Clarisse alikuwa ameshafunga kitambaa, akamwita Mama kwa jina lake. "Mie jina yangu iko mule pia, Micheline. Nitalala namna gani?"

Joëlle alibaki amenyoosha mikono, vidole bado vimeshika hewa. Rebecca hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Bombani watu wananyamaza Joëlle akifika. Neno limeshatoka: mulozi, yaani mchawi.

Mama Clarisse ana kikundi chake cha maombi, wanakutana kwenye chumba nyuma ya nyumba ya mtu. Wanasema wampeleke huko, afungwe, asile wala asinywe maji mpaka atapike kilichomo ndani yake. Namjua mtoto mmoja aliyepita huko. Alirudi mkimya, na mpaka leo ni mkimya. Baba mdogo Sylvestre, ambaye tangu Baba aende Mahagi ndiye anayesema neno la mwisho nyumbani, anaona tukubali. "Kama tunakatala, batasema nyumba nzima ni ya walozi." Mama anasema hapana, lakini sauti yake haina nguvu. Tangu Jumamosi hajasuka hata kichwa kimoja.

Mchana tulikuwa tunamenya mihogo, mimi na Joëlle. Akaniuliza, "Adèle, weye unasomaka. Kinywa ya mutu inaweza kweli kuleta ugonjwa?"

"Hapana. Ni maji muchafu njo inaletaka tifoide."

"Basi uwaambie. Weye batakusikia."

Hakusema lolote kuhusu kisigino. Nilikata muhogo, nikakata na kidole changu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimemaliza kitabu. Tito anageuka zombi, na Sifa mwenyewe ndiye anayemfungia mlango. Ni ukurasa mzuri kuliko zote alizowahi kuandika Lobanga, na nimeusoma bila raha. Nilipofika mwisho nilitaka kumkimbilia mtu nimwambie, na mtu huyo hakuwa Rebecca.

Jumamosi, 25 Oktoba

Wamekuja leo kabla ya mchana. Mama Clarisse, wanawake wawili wa kikundi chake wenye vitambaa vyeupe, na Baba mdogo Sylvestre mbele yao. Mama akatoa viti. Nyuma ya ua majirani walikuwa wamejaa, wanajifanya wanapita. Joëlle aliketi kwenye mkeka, amevaa gauni lake la misa. Alikuwa ameweka kanga na kitana kwenye mfuko wa plastiki, tayari.

Baba mdogo akaanza na salamu nyingi. Mimi nikaingia ndani, nikachukua kitabu, nikatoka nikasimama katikati yao. Sauti ikatoka juu kuliko nilivyotaka.

"Joëlle hakutunga kitu. Yote iko humu. Mie njo nilimusomea, yeye alirudilia tu."

"Uongo," akasema Mama Clarisse. "Weye mwenyewe ulisemaka haiko mu kitabu. Tulikusikia hapa."

"Nilisema hivyo juu nilikuwa na wivu. Batu balikuwa banamupenda kupita mie."

Neno lilikuwa limeshatoka, mbele ya Rebecca, mbele ya ua zima. Sikungoja wanijibu. Nikafungua kitabu popote. Ilikuwa sehemu ambapo Sifa anakaanga samaki, samaki tu na mafuta. Nikaweka kidole kwenye mstari na nikaanza kusoma.

Nilisoma kwamba kulikuwa na mama mwenye sauti kubwa, muuza maziwa, na zombi alimwuma kisigino sokoni. Nilisoma kwamba mguu ulimwaka na hakuwatambua watoto wake. Nikasimama kidogo, kama ninavyosimama neno la Kifaransa linapokuwa gumu. Walikuwa wameinama mbele wote, hata wale wa vitambaa vyeupe. Nikaendelea. Nilisoma kwamba zombi hawana macho mazuri, wanakwenda kwa kusikia. Mtu ambaye jina lake limeshaitwa kwenye hadithi yao, wakifika mlangoni kwake wanasema, huyu tumeshamchukua, twende nyumba nyingine. Wanampita. Ndiyo maana Sifa aliwaita watu wake wote kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia wale aliowapenda zaidi. Na yule mama wa maziwa, homa ilimtoka kwa jasho, akaketi kitandani, akaomba chakula.

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo bila maandishi chini yake. Nilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na kila nilipoweka mguu ngazi ilikuwepo.

Mama Clarisse akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Na mie? Njo kusema niliitwaka?"

"Uliitwa wa kwanza, Mama. Na ndoo yako."

Mmoja wa wanawake wa vitambaa vyeupe akanyoosha mkono. "Lete nione." Nikampa. Aliuangalia ule ukurasa wa samaki kwa muda mrefu, midomo inacheza. Sijui kama anajua Kifaransa. Alinirudishia kitabu, akanitazama usoni, na kusema, "Imeandikwa."

Baba mdogo akakohoa. Mama Clarisse hakutaka kuondoka mikono mitupu, akasimama, akatunyooshea kidole mimi na Joëlle. "Sawa. Tutangojea Emerance. Akiamuka, tumeachana. Asipoamuka, mutakuja bote bawili, wa kusema na wa kusoma."

Wakaenda. Mama aliketi chini palepale alipokuwa. Joëlle alibaki ameushika ule mfuko wa plastiki. Rebecca alikuja kukaa karibu nami, akaanza kuchambua nywele ambazo hazina mteja.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimeweka picha ya Lobanga, ile ya nyuma ya kitabu, mbele ya macho yangu nikamwomba msamaha. Anatabasamu vilevile.

Jumanne, 28 Oktoba

Hakuna habari. Mvua.

Jumatano, 29 Oktoba

Hakuna habari. Joëlle ananiuliza kila saa kama nimesikia kitu, nami namwuliza yeye. Tunalala mgongo kwa mgongo. Sasa natamani akorome.

Ijumaa, 31 Oktoba

Ameamka!

Binti yake amepita hapa akikimbia. Homa imeshuka, amewatambua wote, amemtukana muuguzi. Ameomba maziwa ya mgando. Daktari amesema ni dawa zimefanya kazi. Mtaani wanasema mengine. Mama amekaa jikoni akalia, akapika sombe, yale majani ya muhogo, nyingi kuliko tulivyo.

Jumamosi, 8 Novemba

Baraza limejaa mpaka Mama amewapanga kwa zamu. Mama Clarisse amekuja kumaliziwa ile nusu ya kichwa, amemletea Joëlle mikate imefungwa kwenye karatasi, hakusema samahani, amesema tu, "Leo niliongeza sukari." Joëlle alicheka. Mimi nisingecheka, lakini mimi ni mimi.

Kisha ikaja ile sauti, nyembamba lakini ni yenyewe. Mama Emerance, amekonda, ameshikwa mkono na binti yake. Akaketi. Akatuangalia wote. "Nasikia balinifufua. Sasa niko wapi mu ile hadisi? Musiniambie niko bado chini ya meza."

Wote wakamgeukia Joëlle. Hakuinua macho kwenye kichwa cha Mama Clarisse. "Muulize Adèle," akasema.

Sikwenda kuchukua kitabu. Nilimtoa Mama Emerance chini ya meza, nikampa ndoo ya maziwa ya mgando, nikamweka mbele ya zombi wote wa boulevard. Walipokunywa wakaumwa matumbo, wakaanza kutafuta choo, na kwa zombi kutembea haraka ni kazi. Rebecca alilala chali kwenye mkeka. Mama Emerance alicheka mpaka binti yake akamwomba apumzike.

Jioni, jua likiwa bado lipo, tulikwenda bombani mimi na Joëlle peke yetu. Nilisubiri bidoni ya kwanza ijae, nikasema, "Joëlle, ile neno ya kisigino—"

"Niliisikia. Nilikuwa pale."

"Nilikuwa na wivu."

"Ulisema mbele ya batu bote. Ata Bambu bamesikia."

Akaweka bidoni yangu chini ya maji, akatoa yake. Akatazama maji yakipanda.

"Ile ya majina," akasema, "kwamba zombi anapitaka mulango. Haiko mu kitabu."

"Unajua namna gani? Weye hausomake Kifaransa."

"Ulisema maneno mingi sana, na haukupindua page ata moja." Alifunga kizibo, akakikaza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Siku ile nilikuwa na woga mupaka mukojo unanishika. Lakini uliposema ile ya majina, nilisikia wivu, Adèle. Nilisema mu roho, juu ya nini ile haikutoka mu kinywa yangu? Balikuwa banataka kunifunga, na mie niko naona wivu."

Nilipaswa kumwonea huruma. Nilipaswa kumshika mkono, nimwombe msamaha vizuri, kwa maneno yote. Badala yake nilijitwika bidoni, nikatangulia ili asione uso wangu, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nusu ya maji ilimwagika njiani.